GTX 1650 au RX 580 kwenye Dell ya ofisini

Mkuu, umeuliza kadi ipi ya picha (graphics card) uweke kwenye hiyo kompyuta ya Dell yenye pawa saplai ya wati 240, GTX 1650 au RX 580. Kwa nguvu tupu RX 580 inashinda: memori GB 8 na njia ya memori ya biti 256, ilhali GTX 1650 ina GB 4 na biti 128. Ila 580 inakula wati 185 peke yake na inataka waya wa pini 8, hapo pawa saplai yako itazidiwa. 1650 inatosheka na wati 75 za siloti, yaani pale inapochomekwa kwenye ubao wa kompyuta. Tafuta ile isiyo na tundu la umeme juu. Halafu ukiona 580 imeandikwa 2048SP, hiyo ni RX 570, kadi ya chini yake, iliyobadilishwa jina tu. Chukua 1650, lakini pima kesi (boksi la kompyuta) kwanza. Kama ni ile nyembamba, kadi ya kawaida haiingii.