Jiko langu lilifaulu kuchemsha maji, likafeli kwenye ugali

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji, kaka nina jiko la mkaa nimelibuni mwenyewe, nimetengeneza moja linawaka fresh, nina hela ya kupiga 200, nianze? Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana alikuwa ananisimulia mimi.

Mimi nilitengeneza sampo moja. Moja tu! Nikaliwasha uani, maji lita 5, saa ya simu mkononi, yakachemka mapema kuliko kwenye jiko la bati na mkaa ukabaki. Nikarudia mara tatu, nikajiona injinia haswa. Wiki hiyo hiyo nikaita mafundi bati tukapiga majiko 300. Mke wangu aliuliza, umeshapikia ugali? Nikamjibu moto ni moto bwana.

Sasa muulize mama lishe yeyote, ugali wa watu 20 unasongwa, mtu anasukuma mwiko kwa mabega yote mawili na jiko linayumba huku na huku. Langu lilikuwa na miguu myembamba, kuta zimenyooka, chungu cha ndani, ule udongo wa kuchomwa unaobeba mkaa, kimeshikwa na saruji kiduchu. Wiki ya pili simu zikaanza, chungu kimedondoka, jiko limepinduka na sufuria. Na kingine sikukijua kabisa, jioni wanayamwagia makaa maji humo humo jikoni ili yabaki ya kesho, udongo wa moto ukikutana na maji baridi unapasuka. Mimi kwangu nilikuwa naliacha lipoe lenyewe, nalibembeleza kama yai.

Nilirudisha hela za majiko 112. Mengine yako stoo mpaka leo, mlango wa ile stoo sipendi kuufungua.

Na mfano ulikuwepo jamani. Lile jiko la Kenya lenye kiuno, la miaka ya 80, wazo lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand ila wenzetu hawakulibeba kama lilivyo, walilibadilisha lifae mapishi ya huku. Kiuno kile kinashikilia chungu, na chungu kimegandishwa kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayovumilia joto. Mimi nilidhani kiuno ni urembo!

Kwa hiyo mdogo wangu usilijaribu wewe, wewe unajua pa kulishika. Toa matano, wape watu wasio na huruma nalo, usiwafundishe kitu, kaa pembeni mwezi mzima uangalie wanavyolitesa. Narudia, usilijaribu wewe. Vijana tunapenda sana picha ya mzigo umepangwa dukani, kujaribu tunaona ni kupoteza muda.

La sasa hivi nilimpelekea mama mmoja pale stendi, akanirudishia mara tatu na maneno juu. La nne limekaa kwake wiki sita na bado linasonga. Hata hivyo nimepiga 20 tu.

Wewe nitumie video ya jiko lako likiwa na sufuria ya ugali, mchoro baki nao.