Maandamano na swala

Dada, umeuliza kama Muislamu anaweza kwenda kwenye maandamano ya amani, na swala atafanyaje. Wanazuoni wametofautiana kuhusu maandamano. Mimi nafuata wanaoyaruhusu yakiwa ya kudai haki bila kumdhuru mtu, maana Sura An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Swala ndiyo ya kupanga mapema: tia udhu nyumbani, ujue msikiti ulio karibu na njia. Ukikosekana, jitengeni pembeni mswali kwa zamu, mmoja akilinda mizigo. Hijabu ifunge imara, bila pini nyingi. Usiende peke yako, na mkubaliane pa kukutana mkipotezana. Mawe yakianza kurushwa, ondokeni papo hapo.