Usimchagulie kati ya imani yake na haki yake

Nilipoanza kuwasikiliza wanawake wenye migogoro ya ndoa, nilikuwa na jibu moja la haraka: kama dini inakunyima haki, ondoka. Ndivyo nilivyomwambia mama mmoja aliyekatazwa na mumewe kufanya kazi kwa madai kwamba imani yao hairuhusu. Alinisikiliza kwa adabu, akashukuru, hakurudi tena. Ilinichukua muda kuliona kosa langu. Mume alikuwa amemwamulia dini yake inasema nini, nami nikamwamulia aiache. Yeye mwenyewe anaamini nini? Hakuna aliyemuuliza.

Wengi huamini kwamba uhuru wa dini na usawa wa wanawake ni mafahali wawili, hawakai zizi moja. Lakini Kifungu cha 18 cha Tamko la Haki za Binadamu la 1948 kinampa uhuru huo kila mtu, pamoja na uhuru wa kubadili dini. Kila mtu, yaani na mke pia. Si mume wake wala kiongozi wake wa ibada kwa niaba yake. Na mwaka 2000 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema wazi kuwa uhuru wa dini hauwezi kutumiwa kuhalalisha ubaguzi dhidi ya wanawake. Kinachoniuma ni kwamba nchi kadhaa zilizoridhia mkataba wa 1979 wa kuondoa ubaguzi huo ziliweka masharti, kwa hoja za dini, ya kutofungwa kikamilifu na kifungu cha 16, kile cha ndoa na familia. Mlangoni mwa nyumba, pale pale anapohitaji kinga!

Basi ukifuatwa na mwanamke wa namna hii, anza na swali nililolisahau. Kisha msaidie kutenganisha andiko na tafsiri: nani alimfasiria, na je, wapo wasomi wa dini hiyo hiyo wanaosema vingine? Mara nyingi wapo, wakiwemo wanawake. Akitaka kubaki, msaidie abaki na haki zake. Akitaka kutoka, vivyo hivyo. Ila kama anapigwa au anatishiwa, usalama kwanza, maandiko baadaye.

Mwingine niliyemuuliza hivyo alirudi baada ya wiki mbili na maswali aliyoyaandika ili ampelekee kiongozi wake wa ibada. La kwanza lilihusu jina lake kutokuwemo kwenye hati ya nyumba.