Siku za mkanda: hesabu isiyokuumbua barazani

Ujumbe umetoka Ngamiani, hapa Tanga. Vijana wawili wamewekeana dau la kahawa na kashata. Mmoja anasema mwanamieleka Roman Reigns kakaa na ubingwa wa WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, siku 1,316, basi Hulk Hogan mwenye 1,474 kamzidi kidogo tu. Mwenzake anadai siku hizo zimetiwa chumvi. Nani alipe?

Chumvi haimo, ila zimepachikwa ubingwa mwingine. Siku 1,316 ni za Universal, ubingwa mwingine wa kampuni hiyo hiyo, alioutwaa Reigns tarehe 30 Agosti 2020. Ule wa WWE, wenye silsila ya kina Hogan, aliupata tarehe 3 Aprili 2022 kwa kumpiga Brock Lesnar, na yote miwili akanyang'anywa na Cody Rhodes tarehe 7 Aprili 2024. Hapo ni siku 735, nusu ya Hogan tu. Universal wenyewe umezaliwa 2016.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu chochote, andika juu ya karatasi jina la ubingwa na mwaka ulioanza. Wengi hufuata chuma badala ya silsila. Ule mkanda mpana wa dhahabu aliouvaa Ric Flair tangu 1986 ulikuwa wa NWA, baadaye ukawa wa WCW, nyumba nyingine za mieleka, na tarehe 2 Septemba 2002 Eric Bischoff, meneja wa kipindi cha Raw cha WWE, akamkabidhi Triple H mkanda wa sura ile ile kama World Heavyweight. Sura moja, ubingwa tatu. WWE wenyewe wanauhesabu ule wa 2002 kuwa mpya, kwa hiyo ukiwaunganisha kwa picha umeshachanganya ukoo.

Silsila ya WWE inaanza 1963 kwa Buddy Rogers, na inaanza kwa uongo: kampuni ilitangaza kuwa kashinda mashindano Rio de Janeiro, mashindano ambayo hayakufanyika kamwe. Mwandike hivyo hivyo. Tarehe 17 Mei mwaka huo Bruno Sammartino alimmaliza kwa sekunde 48 pale Madison Square Garden, akakaa hadi 18 Januari 1971 alipopigwa na Ivan Koloff.

Tumtumie Sammartino kujifunzia. Kutoka 17 Mei 1963 hadi 17 Mei 1970 ni miaka 7: mara 365 unapata 2,555. Ongeza 2 za miaka mirefu, 1964 na 1968, zinakuwa 2,557. Kisha kutoka 17 Mei 1970: Mei zimebaki 14, Juni 30, Julai 31, Agosti 31, Septemba 30, Oktoba 31, Novemba 30, Desemba 31, na Januari 18. Jumla 246. Zote pamoja 2,803. Ukipata 2,801 umesahau Februari zenye siku 29. Ukipata 2,804 umehesabu siku ya kuushika na siku ya kuupoteza pia. Siku ya kwanza haihesabiwi.

Wanaotumia kompyuta wana balaa lao. Koloff alipokonywa na Pedro Morales tarehe 8 Februari 1971, yaani baada ya siku 21. Programu iliyopangwa Kimarekani hutanguliza mwezi. Ukiiandikia 8/2/1971 inasoma Agosti 2, na siku 21 zinageuka 196. Andika jina la mwezi kwa herufi.

Tarehe ya kuandika ni ya ukumbini pambano lilipopigwa. Mick Foley alimpiga The Rock tarehe 29 Desemba 1998, lakini televisheni ikarusha 4 Januari 1999. Akapoteza tarehe 24 Januari. Kwa ukumbi ni siku 26, kwa televisheni 20. Sisi wa Tanga tuna mtego wa ziada: Rhodes alipombwaga Reigns kule Philadelphia ilikuwa Jumapili usiku, kwetu Jumatatu tarehe 8, Ramadhani, watu wameshakula daku. Ukiandika tarehe ya kwako unampa Reigns siku isiyo yake.

Lililobaki ni mashimo. Antonio Inoki alimpiga Bob Backlund kule Tokushima, Japani, tarehe 30 Novemba 1979, WWE hawautambui ushindi huo, ndiyo maana Backlund anapewa siku 2,135 mfululizo. Mtie Inoki pembeni kwa maelezo, usimfute. Na tarehe 5 Februari 1988 Andre the Giant alimpiga Hogan kisha akauuza ubingwa papo hapo kwa Ted DiBiase. Mauzo yakakataliwa, ubingwa ukatangazwa wazi, hadi Randy Savage aliposhinda mashindano ya 27 Machi. Neno "wazi" lipewe mstari wake kwenye orodha, la sivyo utazigawa siku hizo kwa DiBiase.

Kahawa alipe wa 1,316. Kashata alipe mwenzake aliyesema chumvi.