Funga mabano baada ya 50 kabla hujagawanya!

Mdogo wangu, usiandike hivyo! Umeuliza namna ya kupata logi ya 50 kwa kizio 2 (yaani 2 ipandishwe kipeo gani ifike 50) kwenye kikokotoo cha TI-84, na huyo aliyekujibu kwamba unaandika log(50/log(2) anakupeleka shimoni, na shimo hilo mimi nimeshalala ndani yake.  Hili ni la haraka, maana umesema mtihani ni Ijumaa.

Njia yenyewe ni kugawanya logi ya 50 kwa logi ya 2. Sasa tazama kioo chako. Ukibonyeza LOG, mashine inaandika log pamoja na bano la kufungua. La kufunga ni kazi yako. Usipolifunga baada ya 50, mashine haioni logi mbili zinazogawanywa. Inaona logi moja tu, na ndani yake 50 iliyogawanywa kwa logi ya 2. Itakuletea 2.22, wakati jibu ni 5.64. Wala haitakuonya. Namba inakaa pale kulia mwa kioo imetulia, ina desimali zake zote, nawe unainakili.

Mimi yalinikuta muhula wa kwanza chuoni hapa Marekani, mtihani wa mwisho. Swali lilisema dola 500 zimewekwa benki kwa riba ya asilimia 6 inayojumlishwa kila mwaka, zitafika lini 1,500? Njia naijua tangu sekondari nyumbani, tulikopekua majedwali ya tarakimu nne mpaka kurasa zikalegea: logi ya 3 gawanya kwa logi ya 1.06. Nikaandika log(3/log(1.06), nikabonyeza ENTER, ikaja 2.07. Nikajaza miaka miwili na ushee. Jamani, benki gani chini ya jua inakuzalishia pesa mara tatu kwa miaka miwili kwa asilimia 6? Kama ipo niunganisheni leo leo. Jibu ni karibu miaka 18.85. Vipengele vitatu vilivyofuata vilisimama juu ya ile 2.07, vikaanguka nayo, na maswali mengine mawili nilikuwa nimeyafanya kwa mtindo uleule. Nikarudia somo zima na kulilipia upya. Mnaolipa ada ya mwanafunzi wa kigeni mnaujua uchungu wake.

Na nani alinifundisha hivyo? Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyewekwa kutusaidia hesabu jioni. "Usihangaike na mabano, mashine inajifungia yenyewe." Ndiyo, inajifungia, lakini mwisho kabisa wa mstari! Katikati haikufungii kitu, itajuaje logi ya kwanza umeikomesha wapi? Bado linanikera mpaka leo, maana yule alikuwa analipwa kwa saa kutuelekeza. Mtu kama hujui, sema sijui, mwenzako akaulize kwingine.

Kwa hiyo: namba, bano, ndipo alama ya kugawanya. log(50)/log(2). Uandike mara ishirini leo mpaka kidole kiende kwenye bano chenyewe. Ukipenda LN (logi asilia) badala ya LOG (logi ya kizio 10), sawa, ila juu na chini vifanane. Ukichanganya ukaandika ln(50)/log(2) itakuja karibu 13, na hiyo si logi ya kizio chochote ulichoulizwa.

Kuna watakaokwambia utumie logBASE( iliyo kwenye menyu ya MATH ya matoleo mapya ya TI-84. Ni nzuri, namba inatangulia, kizio kinafuata: logBASE(50,2). Lakini ukiazima kikokotoo cha Casio cha mwenzako, yenyewe inataka kizio kwanza, na siku ya mtihani huna muda wa kukumbuka ipi ni ipi. Mgawanyo unafanya kazi kwenye mashine yoyote utakayoshika, bora mabano uyafunge.

Kabla hujalala, jaribu logi ya 8 kwa kizio 2. Hata bila mashine unajua ni 3, maana 2 mara 2 mara 2 ni 8. Ikija 1.42, bonyeza 2ND kisha ENTER mstari wako urudi, halafu angalia pale baada ya 8.