Mkojo safi haufuti miadi ya kamera

Mkuu, msifute hiyo miadi. Umeandika mzee wa saratani ya kibofu amemaliza mionzi na kemo (dawa za kuua saratani), damu haipo tena kwenye mkojo, CT skani safi, na kuna jamaa kawaambia kamera ya miezi mitatu, ile ya kuchungulia ndani ya kibofu, ni kumtesa bure kwa sababu "saratani imeshaungua". Huyo jamaa apelekwe yeye akachunguliwe, labda atapunguza maneno.

Kibofu hakikutolewa. Utando wa ndani uliozaa uvimbe wa kwanza bado upo palepale. Mmekwangua uvimbe wote, mkafuata mionzi (kwa kawaida grei 55, yaani kipimo cha mionzi, kwa vikao 20, au 64 kwa vikao 32) huku kemo ikiendelea, lakini matibabu ya kubaki na kibofu yanasimama pia juu ya kuchungulia ndani, tena na tena. Aliyekubali kubaki na kibofu amekubali na kamera.

CT skani ni nzuri kwa tezi za limfu za nyonga, ini na mapafu. Ndani ya kibofu inababaisha: mionzi huacha ukuta umevimba na kuwa mnene, na kwenye picha kovu hufanana na uvimbe uliobaki. Saratani bapa inayotambaa juu ya utando ndiyo kabisa haionekani. Uvimbe nao unaweza kukaa kimya bila kutoa tone la damu. Hata kipimo cha seli za mkojo husumbua, maana seli zilizopigwa mionzi hubadilika sura na kumchanganya msomaji.

Kwa hiyo miezi kama mitatu baada ya kikao cha mwisho kamera inaingia, na daktari anakata vinyama (vipande vidogo vya kupimwa) pale kovu lilipo. Majibu yakitoka, msiishie kwenye "hakuna saratani". Tafuteni sentensi inayosema kama msuli wa kibofu umo kwenye sampuli. Ugonjwa wa mzee ulikuwa umeingia msulini. Kinyama kisicho na msuli kimejibu swali ambalo hamkuuliza.

Wakikuta ugonjwa wa juujuu tu, unakwanguliwa na mara nyingi dawa ya BCG (ile ya chanjo ya kifua kikuu, huamsha kinga) huwekwa ndani ya kibofu. Wakikuta bado umo msulini, kibofu kitolewe mapema. Kwenye ripoti ya 2023 kutoka Marekani na Kanada, kati ya wagonjwa 282 waliotibiwa kwa njia hii, 38 waliishia kutolewa kibofu. Mlango huo uko wazi ugonjwa ukiwa bado kibofuni. Ukishafika kwenye mapafu au mifupa, kutoa kibofu hakuponyi tena, na hapo yule jamaa wa "imeungua" hamtamwona.

Ratiba ya kawaida ya kamera: kila miezi 3 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5, halafu mara moja kwa mwaka.

Maumivu? Sijasikia mtu akiomba kamera irudiwe, lakini yanapunguzika. Mkojo upimwe kwanza kama una maambukizi. Jeli ya ganzi ikishaingizwa, ombeni isubiriwe dakika 5 hadi 10. Msikubali kuharakishwa hapo. Kamera ikikaribia kibofu, mzee ajilegeze kama anayetaka kukojoa, msuli wa kufunga mkojo utaachia. Siku ya kukata vinyama aulizie ganzi ya mgongo au usingizi. Kuchoma na mkojo wa pinki kwa siku moja mbili ni kawaida. Homa, mabonge ya damu au kushindwa kukojoa, hospitali saa hiyohiyo.

Kuamka usiku kukojoa ni jambo la kawaida miezi ya mwanzo baada ya mionzi, mwambieni daktari kama kunazidi badala ya kupungua.

Na kama miadi mmeshaifuta, kesho asubuhi pigeni simu waipange upya, na muulize palepale kama siku hiyo watakata kinyama chenye msuli au watatazama tu.