Anajua kuzidisha na kugawanya, ila mafumbo ya umbali yanamshinda

Dada, umeuliza kwa nini mwanao anazidisha na kugawanya vizuri, lakini akipewa fumbo la umbali lenye hatua tatu au nne anakwama, au analeta jibu la ajabu. Nimekaa na wanafunzi wa namna hiyo miaka mingi, na karibu kila mara kosa ni lilelile: anakimbilia kukokotoa kabla safari haijamkaa kichwani. Akiona namba mbili, anazikutanisha.

Tuchukue fumbo hili. Mwendesha baiskeli anaondoka saa 2:40 asubuhi. Anakwenda km 27 kwa mwendo wa km 12 kwa saa, anapumzika dakika 20, kisha anamalizia km 10 kwa mwendo wa km 15 kwa saa. Atafika saa ngapi?

Kalamu ikae chini kwanza. Mwulize: hii ni safari ya dakika, ya saa chache au ya siku nzima? Njia yote ni km 37, mwendo ni kama km 12 kwa saa, basi ni saa 3 hivi na mapumziko juu yake. Atafika karibu saa 6 mchana. Hilo aliandike pembeni. Mwanafunzi wangu mmoja alizidisha 27 kwa 12, akaandika "saa 324", akaenda swali linalofuata bila wasiwasi. Hizo ni siku 13 na nusu juu ya baiskeli! Angekuwa na makadirio pembeni, namba ile ingemshtua mwenyewe.

Kisha achore mstari, aukate vipande vitatu: km 27, mapumziko, km 10. Juu ya kipande aandike umbali, chini muda. Mapumziko ndiyo husahaulika zaidi kwa kuwa hayana kilometa, lakini kwenye mchoro yanaonekana.

Sasa ndiyo akokotoe. 27 ÷ 12 = 2.25. Hapa ndipo panaponiuma, maana hata wanafunzi wazuri huanguka: wanaandika saa 2 na dakika 25, wakati robo saa ni dakika 15. Na makadirio hayatamwokoa, kwani kwa kosa hilo atapata saa 6:05, bado ni karibu saa 6. Makadirio hukamata makosa makubwa tu. Kwa haya madogo mimi huwafundisha kurudi nyuma. Km 12 kwa saa ni km 1 kila dakika 5. Saa 2 ni km 24, dakika 25 ni km 5, jumla km 29. Fumbo limesema 27, hizo 2 za ziada zimetoka wapi? Mtoto akianza kujiuliza hivyo bila kusukumwa, ujue ameshaelewa. Kwa hiyo ni saa 2 na dakika 15, mapumziko dakika 20, na km 10 za mwisho dakika 40 (km 15 kwa saa ni km 1 kila dakika 4): jumla saa 3 na dakika 15. Anafika saa 5:55.

Nakuomba jambo moja: usimzoeze kuwinda maneno, eti "jumla" ni kujumlisha na "kila" ni kuzidisha. Kwenye hatua moja inasaidia, baadaye inampotosha. Gari limekwenda km 120 kwa mwendo wa km 60 kwa saa, likarudi njia ileile kwa km 40 kwa saa. Wastani wa mwendo kwa safari nzima ni upi? Mwinda maneno akiona "wastani" anajumlisha 60 na 40, anagawa kwa 2, anapata 50. Aliyechora anaona saa 2 za kwenda na saa 3 za kurudi: km 240 kwa saa 5, yaani km 48 kwa saa. Gari limekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo mdogo, ndiyo maana wastani umevutwa chini.

Anza naye kwa fumbo moja kwa siku. Wiki ya kwanza asikokotoe kabisa: akadirie, achore mstari, akueleze safari kwa mdomo wake, kisha mwache akacheze.